Goti linauma nikipanda milima: je, nijitoe kwenye safari ya baiskeli ya kuzunguka Kivu?

*"Mtaalamu, salamu kutoka Bukavu. Nina miaka 43, ni mwalimu wa shule ya msingi. Parokia yetu imeandaa safari ya baiskeli mwezi wa saba ili kuchanga pesa za kuwalipia akina mama wanaozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawana cha kulipa. Tutakuwa watu 22. Tutavuka mto Ruzizi, tupande upande wa Rwanda kupitia Karongi mpaka Gisenyi, tuingie Goma, kisha turudi Bukavu kwa meli, ndiyo tuseme tumelizunguka ziwa. Wamepanga siku mbili. Zimebaki wiki tisa. Tangu nianze mazoezi, goti la kulia linauma kwa mbele, hasa nikipanda mlima wa Kadutu na nikishuka ngazi za shule. Halivimbi. Natumia kinga (baiskeli) ya mume wangu, ile nzito ya chuma isiyo na gia. Kiti nimekishusha ili miguu ifike chini. Kuna wanaosema ni uzee, mafuta ya goti yamekwisha. Mwingine kasema nifunge bandeji na ninywe diklofenaki asubuhi kabla ya kutoka. Kiongozi wetu anasema kinga nzito ndiyo inayoleta nguvu, nisihangaike na gia. Watu wamekwisha kuniahidi pesa kwa kila kilomita. Nijitoe au niendelee? Na kusema kweli, zile nguo za kubana siwezi kuzivaa mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu."*

Mama Mwalimu, aksanti kwa barua ndefu. Wengi huniandikia "goti linauma, nifanye nini" wakaishia hapo. Wewe umeeleza linauma wapi, saa ngapi, kwenye kinga ya aina gani na kiti kikiwa wapi, na hayo ndiyo ambayo mtu wa kinezi, yule anayetibu viungo kwa mazoezi, angekuuliza ukiingia mlangoni kwake.

Nikikuelewa vizuri, hofu zako ni mbili. Unaogopa kwamba ukiendelea utaliharibu goti moja kwa moja, na unaogopa kwamba ukijitoa utawaangusha wale akina mama pamoja na watu waliokuahidi. Jibu la haraka: usijitoe sasa. Pandisha kiti leo, tafuta baiskeli yenye gia ndani ya wiki hizi mbili, na kiongozi wenu aongeze siku za safari. Hayo matatu yakishindikana, basi kaa pembeni bila kuona haya.

Tuuondoe uzee kwanza. Miaka 43 si uzee kwa goti. Maumivu ya mbele yanayokuja ukipanda mlima na ukishuka ngazi, yaliyoanza pamoja na mazoezi, bila kuanguka na bila uvimbe, huwapata wanafunzi wa sekondari sawa na watu wa umri wako. Mara nyingi chanzo chake ni kiungo kilichopewa kazi kubwa kwa ghafla kabla hakijaizoea. Hayo ya mafuta kwisha nayo uyaache. Ute unaolainisha goti hutengenezwa na utando wa ndani wa kiungo chenyewe, na kutembea na kukunja goti ndiko kunakousambaza. Yapo magoti yanayolika kweli, hasa ya wazee na ya watu walioumia vibaya zamani, lakini ulivyolieleza lako halifanani na hayo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Pia ya goti ni kifupa kilichokaa ndani ya kano la misuli ya paja, na chini yake kuna mfereji kwenye mwisho wa mfupa wa paja ambamo hupanda na kushuka. Misuli ya paja ikivuta ili kuunyosha mguu, kano huisukuma pia ndani ya mfereji wake, kama kamba ya kisima inavyolikandamiza gurudumu inapopita juu yake na ndoo imejaa. Goti likiwa limekunjwa sana wakati misuli inavuta, mkandamizo unakuwa mkubwa. Likiwa limekunjuka kidogo, unapungua. Gegedu lenyewe, ile tabaka laini inayofunika mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya fahamu. Kinachopiga kelele ni mfupa ulio chini yake, utando, na kile kijifuko cha mafuta kilicho nyuma ya kano, ambacho kina mishipa ya fahamu mingi. Ndiyo maana goti linaweza kuuma sana na picha ya eksirei isionyeshe kitu. Ukali wa maumivu haupimi uharibifu.

Sasa tazama ulivyoliweka goti lako. Kiti kiko chini, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali goti linakunjwa kupita kiasi. Kinga haina gia, kwa hiyo kwenye mlima kila mkanyago unadai nguvu nyingi. Mambo mawili yanayoongeza mkandamizo umeyapata yote kwa pamoja.

Kuhusu gia, twende kwa hesabu, wewe ni mwalimu hutachoka. Tuseme wewe na kinga yako mna uzito wa kilo 90, na mlima unapanda mita 6 kwa kila mita 100 za njia, jambo la kawaida kabisa kwenye barabara mtakayopita. Ukienda kilomita 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, mwili unatoa kama wati 130. Kinga za chuma zisizo na gia huwa na meno kama 44 mbele na 18 nyuma, na magurudumu makubwa; pedali ikizunguka mara moja, unasogea mita 5 na nusu hivi. Kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika. Gawanya: unakanyaga mizunguko kama 25 tu kwa dakika. Chukua baiskeli ya milimani, gurudumu la inchi 26, meno 28 mbele na 32 nyuma: mzunguko mmoja unakusogeza chini ya mita 2, na kwa mwendo uleule unazungusha mara 73 hivi. Mlima haujabadilika wala jasho halijapungua, ila kazi ileile imegawanywa kwenye mikanyago 73 badala ya 25, na kila mkanyago unalibebesha goti theluthi moja tu ya mzigo wa mwanzo.

Kwa hiyo kiongozi wenu, kwa heshima zote, hapo amekosea. Kukanyaga kizito kunaongeza nguvu kwa mtu ambaye goti lake limezoea na anayefanya kwa kipimo. Kwako leo kunaongeza maumivu tu. Najua mtu wa Kivu atanijibu kwa mfano wa vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mapaja yao ni ya chuma, sibishi. Lakini wangalieni kwa makini wanapopita hapa Goma: mahali pa kuweka goti kwenye ule ubao wamepigilia kipande cha kandambili au mpira wa tairi, na kwenye mlima wanashuka na kusukuma. Wanalijua goti kuliko sisi tunaolisoma vitabuni. Na wewe, siku ukikutana na mlima uliokushinda, shuka usukume. Kutembea kando ya baiskeli ni kwepesi kwa goti kuliko kukanyaga mara 25 kwa dakika huku meno umeyauma.

Kiti kipimwe hivi. Egemeza kinga mlangoni, mumeo aishike usukani kwa mbele. Vaa viatu utakavyosafiri navyo, panda, kaa katikati ya kiti, makalio yamelala sawasawa. Rudisha pedali nyuma mpaka ya kulia ifike chini kabisa, mkono wake ukiwa sambamba na bomba la kiti. Weka kisigino juu ya pedali. Mguu unapaswa kunyooka bila wewe kuinama upande. Kama goti bado limekunjwa, kiti kiko chini; kama kisigino hakifiki, kiko juu. Ukipata hapo, unapoendesha hutatumia kisigino, utakanyagia ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, na goti litabaki na mkunjo mdogo, digrii 25 hadi 35, ambao ndio tunaoutaka. Ukikuta kinahitaji kupanda sentimita nyingi, usizipandishe siku moja. Sentimita moja kila baada ya siku mbili au tatu, mwili uzoee. Piga alama kwenye bomba kwa rangi ya kucha ili fundi akikishusha ujue kilipokuwa, na usivuke mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba hilo, maana kiti kinaweza kuchomoka. Nyonga zikianza kuyumba kushoto na kulia, au maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepita kiasi, shusha kidogo.

Najua utaniambia: miguu haitafika chini. Ndivyo inavyotakiwa. Anayeendesha vizuri hasimami akiwa kitini; anapunguza mwendo, anateleza mbele ya kiti, anaweka mguu mmoja chini huku mwingine ukiwa bado kwenye pedali. Jifunze hilo uwanjani pa shule wanafunzi wakishakwenda nyumbani. Na kama kinga ya mumeo ina ule mtaimbo wa juu unaokuzuia kusimama kwa usalama, hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta baiskeli nyingine.

Hiyo nyingine si lazima iwe mpya. Baiskeli za milimani zilizotumika, zinazoingia kutoka Ulaya, zipo sokoni, na upande wa Rwanda wapo wanaozikodisha kwa ajili ya watalii wa njia ya ziwa. Usidanganywe na rangi wala na idadi ya gia. Mwambie fundi ahesabu meno: gia ndogo ya mbele iwe na meno kati ya 22 na 28, kubwa ya nyuma iwe na 32 au zaidi. Kisha ashike breki zote mbili ausukume usukani mbele, uone kama magurudumu yanafunga kweli. Ikipita hapo, mengine yanarekebishika.

Bandeji haidhuru sana, wala haitibu. Inatia joto na inampa mtu moyo, ila ukiikaza inakata nyuma ya goti kila unapolikunja. Diklofenaki ya asubuhi kabla ya kutoka, hapana. Kwanza inakuficha maumivu ambayo ndiyo kipimo chako cha siku. Pili, mtu anayetoka jasho juani kwa saa tano amepungukiwa maji, na dawa za aina hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo figo zinaihitaji. Tumbo nalo linaumia, na mwenye presha inampandisha. Daktari akikuandikia kwa siku chache kwa sababu yake, sawa. Kuimeza ili uweze kupanda baiskeli ni jambo jingine kabisa. Goti likiuma jioni, weka kitambaa cha maji baridi dakika 10 au 15, inatosha.

Zoezi moja nataka ulifanye hata ukiyasahau mengine yote. Simama kwenye ngazi ya chini kabisa ya shule, mguu wa kulia juu ya ngazi, wa kushoto ukining'inia. Kunja goti la kulia polepole, ukihesabu mpaka nne, mpaka kisigino cha kushoto kiguse sakafu bila kukitwisha uzito, kisha panda tena. Fanya mbele ya kioo au mbele ya mtoto wako mkubwa, na aangalie kitu kimoja: goti linabaki juu ya kidole cha pili cha mguu, au linaangukia ndani kuelekea goti la pili? Likiangukia ndani, ni misuli ya makalio iliyolegea, na pia ya goti inasuguana upande mmoja wa mfereji wake. Anza na ngazi fupi, hata kitabu kinene kinafaa, mara 10 kila mguu, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Baada ya hapo, kaa na usimame kitini bila kujishika, polepole, idadi hiyohiyo. Misuli haijengeki kwa wiki moja. Hesabu wiki sita hadi nane uone tofauti ya kweli. Ndiyo maana nafurahi umeniandikia mapema.

Barabarani tumia kipimo hiki. Yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Yakibaki chini ya 3 unapoendesha, na kesho yake asubuhi goti liko kama lilivyokuwa kabla, endelea na kuongeza taratibu. Yakipita hapo, au yakilala nawe mpaka kesho, safari inayofuata ifupishe, usiisimamishe kabisa. Kupumzika wiki nzima kitandani kunalituliza goti na kulidhoofisha kwa pamoja. Siku ya kurudi linauma tena. Wiki mbili za kwanza, mara tatu kwa wiki, kwenye tambarare na gia nyepesi, pedali izunguke mara 70 mpaka 80 kwa dakika (hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa nne). Bukavu haina tambarare nyingi, mji umekaa juu ya rasi na vilima. Kama ni lazima, zunguka kipande kilekile kifupi hata kama wapita njia wanacheka. Kadutu iache mpaka wiki ya nne.

Sasa ratiba, na hapa naomba umsomee kiongozi wenu. Kutoka Rusizi, ng'ambo ya Bukavu, mpaka Rubavu, ndiko Gisenyi, kwa lami ni karibu kilomita 200. Ramani inawadanganya, maana inaonyesha barabara inayofuata ufuko. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lakini ufuko wa Rwanda umekatwakatwa na ghuba, na kati ya ghuba na ghuba kuna mgongo wa mlima. Barabara inapanda mgongo, inashuka mtoni, inapanda mwingine, hivyo hivyo mpaka Gisenyi. Ukijumlisha vipande vyote vya kupanda, ni mita maelfu. Njia ya vumbi ya watalii, ile ya Congo Nile yenye kilomita 227, wengi wanaopita kwa baiskeli huigawa kwa siku tano. Ninyi mna lami, sawa, lakini siku mbili kwa waimbaji na walimu waliofanya mazoezi wiki tisa ni kulazimisha magoti 44. Siku tatu ndiyo chini kabisa. Nne zingekuwa za raha, mkalala Nyamasheke, Karongi, na mahali pamoja katikati ya Rutsiro.

Kutochukua upande wa Kalehe na Minova, ufuko wa Kongo, mmefanya vema. Miaka hii njia ile si ya kupeleka parokia kwa baiskeli. Hata upande mliochagua, habari za mpaka, za meli na za usalama ziulizwe wiki ileile ya kuondoka, na karatasi za kila mtu ziulizwe kwa watu wa uhamiaji mapema, kwa sababu mtu mmoja aliyekwama Ruzizi anawakwamisha 21.

Kwenye kundi, kinachoumiza magoti zaidi ya mlima ni aibu. Mtu anaona wenzake wanamwacha, anasimama juu ya pedali kuwafuata, na jioni hawezi kushuka ngazi. Dawa yake ni sheria moja inayotangazwa kabla ya kuondoka: kila mtu anapanda kwa mwendo wake, tunangojeana juu. Wa mwisho akifika, apewe dakika tano za kupumua kabla ya kuondoka tena, maana mara nyingi wale wa mbele humwona anafika nao wakaondoka. Nyuma kabisa awepo mtu mzoefu mwenye pampu na simu, ambaye kazi yake ni kutomwacha mtu. Msiende msururu mmoja wa watu 22. Gawaneni kwa vikundi vya saba au nane, katikati muache nafasi ya gari kuingia. Kwenye mteremko, kofia ngumu kichwani kwa kila mmoja, na breki zishikwe na kuachiliwa, zote mbili, badala ya kuzikamata mfululizo kilomita nzima mpaka rimu iwake moto. Kwa bahati, pande zote mbili za mpaka watu wanaendesha mkono wa kulia.

Chakula na maji nipite haraka. Kula kabla ya njaa: ndizi moja kubwa, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa chenye chumvi kidogo, kila nusu saa hivi, na maji kama nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali. Mwezi wa saba ni kiangazi, vumbi na jua vitakuwapo. Maji ya ziwa msinywe bila kuyachemsha au kuyatibu, hata yakionekana safi. Kipindupindu tunakifahamu vizuri kandokando ya Kivu.

Mavazi yako, Mama, hayana shida yoyote. Ile kaptula yenye pedi inavaliwa ndani, moja kwa moja kwenye ngozi bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Juu yake vaa sketi nyepesi inayoishia chini kidogo ya goti, yenye mpasuo au mikunjo ili isivute paja linapopanda. Kikwembe cha kuzungusha usikivae: ncha yake inaingia kwenye mnyororo, na mtu anaanguka bila hata kujua kimemshika nini. Ukikosa kaptula ya pedi, suruali laini ya michezo isiyo na mshono katikati itafaa, lakini ijaribu kwenye safari ndefu kabla ya siku yenyewe. Kiti kipana chenye sifongo nene, ambacho wengi hukikimbilia, kinafaa kwenda sokoni. Kwa saa tano kinasugua mapaja kuliko kile cha kawaida.

Sasa niirudie ile ahadi ya pesa. Kuahidi kwa kilomita ni mtindo unaovutia, na siupendi hata kidogo. Unamfanya mtu mwenye goti linalouma ahesabu kwamba akishuka Karongi bili ya mzazi fulani haitalipwa. Wapigie simu waliokuahidi wiki hii, uwaambie: kiasi mlichofikiria kwa safari nzima, kiandikeni kama mchango wa akina mama, nifike Goma kwa baiskeli au kwa gari la mizigo. Nadhani wengi watakubali hapohapo, kwa sababu hakuna aliyetoa pesa yake ili goti lako lifike Gisenyi. Atakayesema hapana, pesa yake ilikuwa ya mchezo.

Mbele yako kuna njia tatu za heshima. Ya kwanza ni kwenda mwanzo mpaka mwisho, kama wiki tatu kabla ya safari unaweza kuendesha kilomita 50 zenye milima kwa gia nyepesi, maumivu chini ya 3, na kesho yake ukafundisha ukiwa umesimama bila shida. Siku mbili mfululizo za hivyo zikiwezekana, bora zaidi. Ya pili ni kwenda nusu: unaendesha asubuhi, mchana unapanda gari la mizigo, na hii ndiyo ningeichagua kwa mtu ambaye goti limepona nusu. Ya tatu ni kusafiri na gari tangu mwanzo, ukiwa mtu wa maji, ndizi na hesabu za pesa. Kundi la watu 22 linamhitaji mtu huyo kuliko linavyomhitaji mwendesha baiskeli wa 22. Kwenda na kinga isiyo na gia kwa siku mbili sikuorodheshi kabisa.

Kabla ya kuongeza mazoezi, pita kituo cha afya wakupime presha, kwa umri wetu ni jambo la dakika chache. Na usingoje barua nyingine kutoka kwangu, mwone mtu ana kwa ana, kama goti litavimba ndani ya saa chache baada ya zoezi, likikwama ukashindwa kulikunja au kulinyosha, likikulegea ghafla ukitembea, likiuma usiku ukiwa umelala, au likiwa jekundu na la moto pamoja na homa. Hiyo ya mwisho usiilaze hata usiku mmoja. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, nenda siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Kubanwa kifua au kukosa pumzi kusikolingana na mlima, shuka baiskeli na upelekwe hospitali. Bila dalili hizo, ukifanya haya kwa wiki nne na goti halijasogea hata kidogo, tafuta hospitali yenye huduma ya kinezi hapo Bukavu; na kama utapitia Goma mapema, HEAL Africa wana uzoefu mrefu wa mifupa na viungo. Nenda na baiskeli yenyewe kama unaweza, au angalau picha uliyopigwa kwa pembeni ukiwa umeketi, pedali ikiwa chini. Anayekutibu akikuona juu ya baiskeli atajua zaidi kuliko akikuona juu ya kitanda chake.